Mwembe wa uani una tundu na tawi lake limelalia paa la jirani: tuukate au tuuache?

*Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Isevya, Manispaa ya Tabora, kwenye nyumba aliyoiacha baba mkwe. Uani kuna mwembe wa zamani. Nimeupima kwa kamba usawa wa kifua, mzunguko ni mita 2 na nusu. Uko kama mita 4 kutoka ukuta wa chumba wanacholala watoto. Tawi moja kubwa limevuka uzio hadi juu ya paa la jirani, jingine limekaribia waya wa umeme unaoingia kwetu. Pale tawi la zamani lilipovunjika pana tundu, na nyuki wanaingia na kutoka. Ukuta wa chumba cha watoto una ufa. Jirani ameshaniambia mara mbili niukate kabla ya mvua. Fundi wa chenso anasema ataulaza asubuhi moja, nimpe laki moja na nusu na magogo achukue yeye. Mume wangu anasema mti ni wetu, hakuna wa kumuomba ruhusa. Mama mkwe hataki uguswe kabisa. Je, mizizi ndiyo imepasua ukuta? Na sheria inasemaje?*

Dada yangu, umeuliza maswali manne kwa pamoja na yamefungana: usalama wa watoto, lawama za jirani, ufa wa ukuta, na ruhusa ya kukata. Nianze na msimamo wangu ili usisome ukiwa na wasiwasi. Kwa maelezo yako, yale matawi mawili lazima yashughulikiwe kabla ya mvua za Novemba. Mti mzima utegemee kitakachoonekana ndani ya lile tundu. Na fundi anayesema ataulaza mti wa namna hiyo asubuhi moja, mita 4 kutoka chumba cha watoto, usimpe kazi hata akishusha bei.

Watu wengi hupima hatari ya mti kwa kutazama juu: ni mrefu, ni mzee, unayumba, basi utaanguka. Mti kuyumba si dalili mbaya. Kwa kuyumba ndiko unakotawanya nguvu ya upepo isishuke yote kwa mkupuo kwenye mizizi. Kinachouangusha ni mizizi iliyokufa au kukatwa, shina lililooza ndani, au panda dhaifu ambako matawi mawili makubwa yanaachana. Mwembe una lake zaidi: haupukutishi majani. Dhoruba za mwanzo wa mvua zenu zinaukuta umevaa majani yote kama tanga la jahazi, mara nyingi na matunda yanayoanza kuwa mazito. Udongo ukilowa, mshiko wa mizizi unalegea. Upepo, uzito na udongo laini vikikutana usiku mmoja, mti wenye kasoro ndipo unapodondoka, na usio na kasoro unabaki umesimama.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuitafuta kasoro, na inatafutwa kuanzia chini. Zunguka shina pale linapoingia ardhini. Kama mti umeinama, tazama upande ulio kinyume na ulikoinamia: udongo umepasuka au kuinuka? Mzizi umejitokeza ambao mwaka jana haukuonekana? Mti uliokua umeinama tangu utotoni huwa umejikunja, ncha yake imerudi juu kutafuta jua; huo hauna neno. Ulionyooka kama nguzo lakini umelala upande mmoja, na ardhi nyuma yake imechanika, unang'oka taratibu na haufai kusubiriwa. Tafuta pia uyoga mgumu kama ubao, kahawia juu na mweupe chini, uliojishika kwenye kitako cha shina. Nauogopa huo kuliko tundu la juu, kwa sababu unakula mti wa ndani au mizizi, na ukiuona nje ujue kazi imeanza zamani.

Udongo wa mchwa kwenye gome usikutishe peke yake. Ukwangue kwa kisu. Kama chini yake mti ni mgumu na mbichi, mchwa walikuwa wanakula gome lililokufa tu. Kama kisu kinazama bila nguvu, hapo pana tatizo. Kisha tazama panda: matawi yanayoachana kwa umbo la bakuli yameungana vizuri, yale yanayobanana kwa umbo la V, na gome limeingia katikati yao, yamegusana tu bila kushikana, na ndiyo hupasuka upepo ukija.

Sasa lile tundu. Kabla ya kuligonga, kulichungulia au kupanda, nyuki watoke. Mlio wa chenso na mtikisiko wa shina huwakasirisha haraka sana, na mtu aliyefungwa kamba mita 8 juu hana pa kukimbilia. Hapo Tabora una bahati, maana hiyo ni nchi ya asali: warina asali hawatafutwi kwa tochi, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kiko hapohapo. Afisa maliasili wa manispaa pia anaweza kukuelekeza kwa mtu sahihi. Kazi hiyo hufanywa jua likishazama, kwa moshi na mavazi kamili, na tochi iliyofunikwa plastiki nyekundu kwa kuwa nyuki hawaioni rangi hiyo. Masega yenye majana (watoto wa nyuki) huhamishiwa kwenye mzinga na kundi linafuata malkia wake. Asikudanganye mtu kumwaga petroli au dawa ya wadudu tunduni. Petroli ndani ya shina wazi ni moto unaosubiri cheche, na asali iliyobaki yenye sumu itaita siafu na kundi jingine la nyuki.

Nyuki wakishatoka, chukua mpini wa jembe. Gonga shina kila baada ya upana wa kiganja, kuanzia usawa wa goti hadi mkono unapofika. Mti mzima hujibu kwa sauti fupi na kavu, na mpini unarudi mkononi. Penye uwazi sauti inazama, inakuwa ya ngoma. Tia alama ya chaki kila inapobadilika, kisha rudi nyuma utazame hizo alama: utaona ramani ya uwazi ulivyokaa. Halafu muombe fundi seremala mwenye drili atoboe vitundu viwili au vitatu, si zaidi, kwa keke nyembamba ya milimita 6 iliyo ndefu, mahali sauti ilipobadilika. Apime kina hadi keke inapodumbukia ghafla. Unga unaotoka ukiwa wa rangi hafifu na wenye nyuzi, mti ni hai. Ukiwa wa kahawia iliyokolea na unasagika vidoleni kama kahawa, umeoza.

Mti kuwa na uwazi hakumaanishi umekwisha. Mti hubeba uzito kwa ganda lake la nje, kama mwanzi au bomba la chuma. Kiini cha katikati mchango wake ni mdogo. Suala ni ganda limebaki nene kiasi gani. Mzunguko wako wa mita 2.5 ukiugawanya kwa 3.14 unapata kipenyo cha karibu sentimita 80, nusu yake 40. Kipimo cha kuanzia cha wakaguzi wa miti ni kwamba ganda zima libaki angalau asilimia 30 ya hiyo nusu. Kwako ni sentimita 12 za mti mgumu kila upande, bila kuhesabu gome. Ukipata 15 au 18 kote na tundu lenyewe ni dogo, mwembe huo unaweza kuishi miaka mingi ukipunguziwa mzigo. Ukipata 6 au 7, hasa upande unaotazama nyumba au ule unaokabili upepo, mti uondoke. Ukipata 11 au 12, au tundu likiwa limefungua sehemu kubwa ya shina, usiamue peke yako. Hapo ndipo anahitajika afisa misitu aje aone kwa macho.

Na msizibe tundu kwa zege. Wazee wengi walifanya hivyo kwa nia njema, lakini saruji haishikani na mti. Mti unayumba, zege haliyumbi, vinasuguana. Maji yanaingia kwenye mwanya yanakosa pa kutokea, na kuoza kunaongeza kasi. Wavu wa waya mdomoni mwa tundu ili nyuki wasirudi unatosha.

Tuje kwenye ufa. Inaaminika kwamba mizizi huufuata msingi na kuusukuma hadi upasuke. Mizizi haina nia na ukuta. Inafuata maji na hewa. Mingi ya mwembe hukaa kwenye sentimita 60 za juu za udongo na hutambaa hadi nje ya kivuli cha matawi. Inaweza kudhuru nyumba kwa njia mbili. Ya kwanza, mzizi mnene ulio chini ya msingi mwepesi unanenepa na kuunyanyua. Hilo huonekana zaidi kwenye sakafu za uani, uzio na karo la choo lenye ufa unaovuja, kuliko kwenye nyumba. Ya pili, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, mti unanyonya maji kiangazi, udongo unasinyaa, nyumba inashuka upande mmoja. Ardhi ya Tabora kwa sehemu kubwa ni ya kichanga. Udongo mweusi uko mabondeni, mbugani, yaani kwenye ardhi ya chini inayotuama maji. Kwa hiyo kama nyumba yenu haiko kwenye mbuga, nashuku kwanza ukosefu wa lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), udongo uliotumika badala ya saruji kwenye viungo vya matofali, na maji ya paa yanayodondokea msingini kwa kuwa hakuna gata.

Kuna namna ya kujua bila kubahatisha. Chora mstari wa penseli kukatiza ufa sehemu tatu, andika tarehe na upana. Rudia kila mwezi. Ufa unaopanuka Septemba na kujifunga Februari unacheza na unyevu wa udongo. Usiocheza kabisa ni wa zamani na umetulia. Pia chimba kimtaro cha upana wa jembe, kina cha sentimita 60, nusu mita kutoka ukutani, kwa mkono na bila kukata mzizi wowote. Usipokuta mzizi unaozidi unene wa kidole gumba ukielekea msingini, mwachie mwembe, muite fundi mwashi. Ukikuta wa sentimita 5 au zaidi unaoingia chini ya ukuta, usiukate kwanza. Mizizi mikubwa iliyo ndani ya umbali wa mara tano ya kipenyo cha shina, kwako mita 4, ndiyo nanga. Kuikata upande mmoja ni kuuambia mti uangukie upande wa pili.

Tuseme shina na mizizi vimeonekana vizima. Kinachobaki ni matawi, na hapo mama mkwe na jirani wote wanaweza kuridhika. Tawi la juu ya paa la jirani na lile la upande wa waya yaondolewe au yafupishwe hadi kwenye tawi dogo lililo hai. Jumla ya majani yanayotolewa isizidi robo ya mti kwa mwaka. Kitu cha kukataa ni kukata kichwa, yaani kuyapiga matawi yote makubwa yabaki vigingi. Watu hupenda kwa kuwa mti unaonekana mfupi na umenyamaza. Baada ya miaka mitatu vigingi vimechipua fimbo nyingi zilizoshikilia gome tu, huku vyenyewe vikioza kuanzia juu, na mti umekuwa hatari kuliko ulivyokuwa. Ujue pia gharama yake: mwembe huchanua kwenye ncha za matawi, kwa hiyo ukipunguza Julai, msimu huo maembe yatakuwa machache.

Tawi kubwa hukatwa kwa mikato mitatu. Wa kwanza kutoka chini, sentimita 30 mbali na shina, kina cha theluthi ya unene. Wa pili kutoka juu, sentimita chache mbele zaidi, hadi tawi lianguke. Wa tatu unaondoa kigingi kilichobaki, nje kidogo ya ule uvimbe ulio pale tawi linapotoka shinani. Ukiruka mkato wa kwanza, tawi linaning'inia na kuchuna gome hadi chini. Ukikata uvimbe wenyewe, jeraha halifungi, na hivyo ndivyo matundu kama la kwenu yanavyoanza. Kidonda kiachwe wazi. Rangi na lami havisaidii.

Na kama mti wote utatoka? Hapa nataka uelewe kwa nini nimemkataa yule fundi. Kulaza mti ni kuukata mdomo upande unakotakiwa kuelekea, kina cha kama robo ya kipenyo, kisha mkato wa nyuma, juu kidogo ya kona ya mdomo, ukiacha ubao mwembamba katikati usiokatwa. Ubao huo, kwa mti wako kama sentimita 8, ni bawaba: ndio unaoongoza mti unapokwenda chini. Mti wenye uwazi hauna katikati, kwa hiyo hauna bawaba ya kuaminika. Umebaki na masikio mawili pembeni, moja likichanika mti unazunguka na kwenda unakotaka. Tena, wakati wa kulaza, kila asiye kazini anatakiwa akae umbali wa mara mbili ya urefu wa mti. Mwembe wa mita 14 unataka mita 28 kila upande. Kwa viwanja vya Isevya hizo ni nyumba za majirani watatu.

Kwa hiyo utashushwa kipande kwa kipande kuanzia juu. Mkataji amefungwa kamba shinani sehemu mbili, kila kipande kimefungwa kamba yake kabla ya kukatwa, na kamba hiyo imezungushwa shinani mara mbili au tatu ili msuguano ubebe uzito badala ya mikono ya watu. Tawi bichi la mwembe lenye unene wa sentimita 30 na urefu wa mita 4 lina uzito wa karibu kilo 250, mifuko mitano ya saruji inayodondoka kwa pamoja. Likatwe vipande vya mita moja. Chini abaki anayeshika kamba peke yake, naye asisimame chini ya kinachoshushwa. Chenso haitumiki juu ya ngazi wala juu ya mabega: ncha ya juu ya ubapa, kile chuma kirefu kinachobeba mnyororo, ikigusa tawi, msumeno unaruka nyuma usoni kabla mtu hajafumba macho. Kofia ngumu, miwani, buti, na mikono mirefu pia, kwa sababu utomvu wa mwembe unababua ngozi za watu wengi. Kazi kama hii ni ya siku mbili au tatu, watu wanne.

Ule upande wa waya usianzwe na fundi yeyote. Andika au fika ofisi ya shirika la umeme, TANESCO, eleza mahali na namba ya mita, uombe wakaguzi waje. Huduma ya kukata umeme kwa saa chache wakati wa kazi inapangwa mapema. Mti mbichi unapitisha umeme. Tawi likigusa waya, mtu aliye mtini amegusa waya. Hadi umeme ukatwe, mtu, ngazi, kamba na tawi vikae angalau mita 3 mbali. Waya wa msongo mkubwa wa kilovolti 11 au 33 ukiwa karibu, huo una uwezo wa kuruka hewani bila kuguswa, na kazi ya kuondoa matawi hapo ni ya TANESCO wenyewe.

Kuhusu sheria, mume wako ana nusu ya haki. Mwembe mliopanda kwenye kiwanja chenu ni mali yenu. Lakini kuwa mali yako hakukupi ruhusa ya kuukata mjini kimyakimya. Halmashauri za miji hutunga sheria ndogo, na utaratibu wa kawaida ni barua fupi inayopitia kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa kwenda kwa afisa misitu wa manispaa. Eleza aina ya mti, ukubwa, sababu, na ambatanisha picha tatu: mti mzima pamoja na nyumba, tundu, na tawi lililovuka uzio. Afisa akija, anatoa kibali kwa maandishi. Ada yoyote ilipwe kwa kontro namba (namba ya malipo ya serikali) na upewe stakabadhi. Ukiombwa fedha mkononi, simama hapo. Kama mti ungekuwa mninga uliojiotea uani, habari ingebadilika, maana miti ya asili yenye thamani ina masharti yake chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, angehusika moja kwa moja. Mti ulio nje ya mpaka wenu, kwenye hifadhi ya barabara, si wenu hata kama aliupanda baba mkwe. Huo ni wa wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, kulingana na barabara. Na miembe mikongwe iliyo kwenye njia ya zamani ya misafara, kuanzia Ujiji kupita Tabora hadi pwani, ni kumbukumbu ya historia. Ukiwa nao, ofisi ya manispaa ijue kabla shoka halijashikwa.

Magogo nayo yana sheria. Fundi akiyapakia kwenye kirikuu bila hati ya kusafirishia mazao ya misitu, atasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, na swali la kwanza litakuwa yametoka kwa nani. Hati hutolewa kwa mzigo wenye kibali cha kukatwa, na safari ni kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Kuchoma mkaa hapo uani kunahitaji kibali chake.

Jirani msimpuuze. Mti usio na kasoro ukiangushwa na dhoruba isiyo ya kawaida, ni vigumu kumlaumu mwenye mti. Lakini wewe umeshaambiwa mara mbili. Tawi hilo likivunja paa lake Desemba, ataeleza kwamba mlijua na hamkufanya kitu, na fidia itawaangukia. Yeye ana haki ya kukata kinachovuka mpaka hadi kwenye mstari wa uzio, bila kuingia kwenu. Mti na maembe yake vinabaki vyenu. Mwendeeni wewe na mumeo, mmwambie tarehe ya kazi, mkubaliane vipande vitashukia wapi. Mkishindwana, Baraza la Kata husuluhisha, na likishindwa, ndipo shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kuna ushauri utakaousikia mtaani: chuna gome kuzunguka shina, au mimina chumvi na oili chafu, mti ufe wenyewe, hakuna atakayeuliza. Tafadhali msifanye. Mti uliokufa umesimama unakauka, matawi yanakatika bila upepo, na hakuna mpandaji mwenye akili atakayekubali kuupanda. Mtalipa zaidi kuuondoa. Chumvi na oili vitabaki ardhini, na kama kuna kisima karibu, vitakifuata.

Mkataji mzuri utamjua kwa maswali anayouliza yeye. Atauliza waya uko wapi, karo liko wapi, nani anakaa nyuma ya uzio. Ataomba kuuona mti kabla ya kutaja bei. Muulize kamba zake ziko wapi na nani atakuwa chini. Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja mbele ya mwenyekiti wa mtaa: kinachokatwa, nani anaondoa matawi, nani analipa akivunja ukuta au paa, akiumia nani anabeba matibabu. Lipa nusu mwanzoni, nusu uani pakiwa pameshafagiliwa. Ukilinganisha na laki moja na nusu bei itapanda, kwa sababu ile ilikuwa bei ya kuangusha, haikuwa bei ya kulinda nyumba.

Wakati mzuri kwenu ni Juni hadi Septemba, ardhi ikiwa kavu, na kazi ianze asubuhi kabla upepo haujaamka. Mkiondoa mti wote, kisiki kikatwe karibu na ardhi kisha kichimbwe kuzunguka, mizizi ikatwe kwa shoka. Kikiachwa, kitachipua, machipukizi yatolewe kwa mkono kila mwezi hadi kichoke. Kisiki kilichokufa karibu na nyumba ni mwaliko kwa mchwa, ambao hawataishia kwenye kisiki wakigundua kenchi za paa. Shimo lijazwe tabaka za sentimita 20, kila moja lishindiliwe, na msijenge juu yake kwa miaka kadhaa kwa sababu mizizi iliyobaki itaoza na ardhi itatitia. Mama mkwe akitaka mwembe mwingine, wa kubebesha, yaani mche uliounganishwa, unabaki mfupi. Upandwe mvua zikishakolea, shimo la sentimita 60 kila upande, mita 8 au zaidi kutoka nyumba.

Msisubiri barua wala mwezi wa Juni kama utaona moja ya haya: ardhi inapasuka upande mmoja wa shina, mti umeinama zaidi kuliko wiki iliyopita, au unasikia shina likilia kwa mlio wa kukatika siku isiyo na upepo. Toeni watu nyumbani upande huo, mpigieni mtendaji wa mtaa na afisa misitu hapohapo, na mti ukiangukia nyumba au mtu, Zimamoto ni 114. Waya ukiwa umeanguka chini, asiusogelee mtu hadi TANESCO wakate umeme.

Leo jioni, kabla ya hayo yote, hamisha vitanda vya watoto upande wa pili wa nyumba, na vikae huko hadi tundu lipimwe na yale matawi mawili yashuke.